Bibi hajifanyi: jinsi demensia inavyovuruga umakini na kumbukumbu

Kila Desemba, watu wakishapanda Machame, Kibosho na Marangu, huko Kilimanjaro, kula sikukuu, kwenye nyumba nyingi huzuka ubishi uleule. Mke wa mwana, anayeishi na mama mkwe mwaka mzima, anasema mama amebadilika: anauliza jambo moja mara tano, anaunguza sufuria, juzi alivaa akatoka kwenda kanisani kumbe ni Jumatano. Watoto waliotoka Dar na Arusha wanamsikiliza kwa mashaka. Mbona mama kawapokea vizuri tu? Kaitikia shikamoo za wote, kaombea chakula kwa sala ndefu isiyokatika, kasimulia jinsi baba yao alivyonunua ng'ombe wake wa kwanza mnadani. Mama mzima huyu! Na hapo mke wa mwana anaonekana mchokozi, au mtu aliyechoka kulea anayetafuta sababu.

Pande zote mbili zimeona kweli. Mama huyohuyo anaweza kusali bila kukosea neno na dakika kumi baadaye asijue kama amekula. Ukielewa kwa nini, ubishi mwingi wa namna hii unakwisha, na shutuma ya "anajifanya" nayo inakosa pa kusimama.

Demensia ni jina la jumla la hali inayoletwa na magonjwa kadhaa ya ubongo, ambayo humfikisha mtu pahali pa kushindwa kuendesha mambo yake ya kila siku. Ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza. Shirika la Afya Duniani linaukadiria kuwa nyuma ya asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Umri unaongeza hatari, lakini wazee wengi hufa na akili zao timamu, kwa hiyo "ni uzee tu" haielezi kitu. Wala si ugonjwa wa wazungu, kama wengine wanavyopenda kusema. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji sita vya wilaya ya Hai, hapohapo chini ya mlima, wakawachunguza watu wapatao 1,200 wenye miaka 70 na kuendelea. Kiwango walichokipata, baada ya kusawazisha umri, kilikuwa asilimia 6.4. Kwa maneno mengine, kati ya wazee 16 wa umri huo waliokaa ibadani, mmoja hivi anao.

Sasa tuje kwenye huko "kusahau" kwenyewe, ambako ndani yake mna hitilafu zaidi ya moja. Mtu wa mteremko wa Kilimanjaro atanielewa nikitumia mfereji. Migomba ya chini ikikauka, bado hujajua kosa liko wapi. Pengine banio la juu limeziba, maji hayakuingia kabisa. Pengine yaliingia yakanywewa na ufa njiani. Pengine yamefika bwawani salama, ila mlango wa kuyafungulia umekwama. Ukiutazama mgomba peke yake utaona ukavu tu. Kumbukumbu nayo ina hatua zake: kwanza uzingatie jambo, kisha ubongo ulihifadhi, halafu uweze kulivuta unapolihitaji. Demensia inaweza kuharibu popote hapo, na kila aina ya ugonjwa ina mahali inapopenda kuanzia.

Hatua ya kwanza, umakini, ndiyo familia nyingi huisahau kabisa. Tunadhani kwa kuwa mzee alikuwa amekaa palepale tulipokuwa tunaongea, basi amesikia. Lakini umakini wenyewe una kazi nyingi: kushikilia jambo moja bila kuteleza, kuchuja kelele ili usikie sauti unayoitaka, kuhama kutoka jambo hili kwenda lile, na kufanya mawili kwa pamoja. Kwa mgonjwa wa demensia, hizi mbili za mwisho huanza kulegea mapema. Sebuleni runinga inaunguruma, wajukuu wanakimbizana, watu wanne wanaongea kwa mpigo, halafu mtu anapita akimwambia bibi, "Kesho tunakwenda hospitali ya Mawenzi kupima presha." Asubuhi bibi anashangaa anapoambiwa avae. Wanasema kasahau. Ukweli ni kwamba taarifa ile haikuwahi kuingia.

Tazama kwa karibu kinachotokea sokoni. Mama yuko Mbuyuni, ameambiwa ndizi ni shilingi 7,000, ametoa noti ya 10,000. Ili asipunjwe, lazima aishike ile bei kichwani, atoe, ahesabu chenji, huku muuzaji anaongea na mteja mwingine na wabeba mizigo wanapiga kelele za kuomba njia. Kazi hii inategemea ile kumbukumbu ya muda mfupi sana, inayoshika vitu vichache kwa sekunde chache tu wakati unavitumia. Inapoanza kuchoka, mtu hakiri, anatafuta ujanja. Anaanza kulipa kwa noti kubwa kila mara ili asihesabu. Anamfungulia muuzaji pochi na kusema, "Chukua mwenyewe, macho hayaoni." Kwenye simu, anamtajia kijana wa wakala namba ya siri kwa sababu hatua za kutoa pesa zimekuwa nyingi mno. Binafsi naona dalili hizi zina uzito kuliko kusahau majina ya watu, jambo ambalo hata sisi wa miaka arobaini linatupata.

Dalili nyingine iko miguuni. Mzee mwenye umakini uliopungua, ukimsemesha njiani, husimama kwanza ndipo akujibu. Mwaka 1997 watafiti wa Uswidi waliandika kwamba wazee waliokuwa wakisimama hivyo ndio walioanguka zaidi katika miezi iliyofuata. Kutembea kunaonekana ni kazi ya miguu tu, kumbe kunahitaji sehemu ya akili, na akili ikishakuwa ndogo ya kugawana, kimoja husimama. Kwa barabara zetu zenye bodaboda pande zote, basi usimpigishe mzee stori mnapovuka. Vukeni kwanza.

Hatua ya pili ni kuhifadhi. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande kuna sehemu ndogo iliyojikunja iitwayo hipokampasi. Hiyo ndiyo inayofanya tukio la leo liwe kumbukumbu ya kesho. Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini mbili hujirundika isivyo kawaida: amiloidi nje ya seli za ubongo, na tau ndani yake. Uharibifu wa tau hutangulia kushika maeneo ya hipokampasi na jirani zake, tena miaka mingi kabla ya dalili kuonekana. Ndiyo maana Alzheimer huanza kwa kupoteza mambo ya juzi na jana, huku ya miaka ya sitini yakibaki mazima.

Kazi ya hipokampasi tuliielewa vizuri kupitia msiba wa mtu mmoja. Mwaka 1953, Mmarekani Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Aliyemuona asubuhi alikuwa mgeni jioni. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo, Molaison alizidi kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuifanya kazi hiyo. Mikono ilijifunza, yeye hakujua. Kumbe kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya ustadi zinakaa mahali tofauti.

Ukishalijua hilo, mwangalie bibi akipika mtori. Anamenya ndizi upesi kuliko wewe, kisu kinatembea bila hata kutazama. Ustadi huo ameurudia miaka sitini na ugonjwa bado haujaufikia. Anatia chumvi. Anageuka kuchochea kuni, anarudi, anatia chumvi. Mjukuu anaingia kumsalimu, anatoka, bibi anatia chumvi. Mtori unaletwa mezani hauliki. Watu wanasema bibi kasahau kupika, na wanamfukuza jikoni. Hajasahau kupika hata kidogo. Kilichokosekana ni rekodi ya tukio la dakika mbili zilizopita, na hiyo ina dawa rahisi: mpimie chumvi kwenye kikombe kimoja, kopo liondolewe jikoni. Aendelee kupika.

Jambo hilohilo linaeleza ugomvi mchungu kuliko wote, ule wa wizi. Mama anachukua hela za kahawa, anazifunga kwenye kitenge, anazificha chini ya godoro, kisha kwa hofu anazihamishia kwenye debe la mahindi. Tendo la kuhamisha halikuhifadhiwa. Kesho anakwenda kwenye godoro, hakuna kitu. Kwa upande wake ushahidi umekamilika: ziliwekwa hapa, hazipo, na mtu anayeingia chumbani ni dada wa kazi. Anamshutumu kwa uhakika wa mtu asemaye kweli, kwa sababu hasemi uongo. Ubongo umejaza pengo kwa maelezo yanayowezekana zaidi. Mabinti wangapi wamefukuzwa kazi kwa njia hii, au wamepelekwa polisi? Kabla ya kumwita mtu mwizi kwenye nyumba yenye mzee anayesahau, tafuteni kwanza kwenye magunia, mifuko ya makoti ya zamani na ndani ya Biblia.

Hatua ya tatu, kuvuta, ndiyo inayotusumbua sote. Jina liko ulimini, halitoki, linakuja usiku ukiwa umelala. Kuna njia ya kukisia kama kosa liko kwenye kuhifadhi au kwenye kuvuta: toa dokezo. Ukimwambia baba, "Yule fundi aliyekuja jana, jina lake linaanzia na M," naye akaruka, "Ah, Massawe!", basi jina lilikuwamo, lilikosa mlango tu. Uzee wa kawaida mara nyingi huwa hivi. Mwenye Alzheimer, ukimpa dokezo atakutazama, au atasema, "Fundi gani? Hakuja fundi." Si kipimo cha hospitali hiki, lakini kinasaidia kujua wasiwasi wako una msingi kiasi gani.

Sasa turudi kwa wale wageni wa Desemba, maana jibu lao limeshakamilika. Salamu, sala na hadithi za ng'ombe ni mambo yaliyorudiwa mamia ya mara hadi yakasambaa sehemu nyingi za ubongo. Hayaitegemei tena hipokampasi kama zamani. Mfaransa Théodule Ribot aliandika tangu mwaka 1881 kwamba kumbukumbu mpya hupotea kabla ya zile za zamani. Tena ugeni wenyewe humchangamsha mzee, umakini ukapanda kwa saa mbili tatu, kisha jioni hulipia kwa uchovu na kuchanganyikiwa, wakati huo wageni wakiwa wamekwenda kunywa mbege kwa mjomba. Kuna na hili ambalo ni hesabu tupu: anapouliza "Mmefika lini?" mara kumi kwa wageni kumi, kila mmoja amelisikia swali mara moja. Mke wa mwana, akiwa peke yake naye Februari, anayasikia yote kumi.

Na hisia? Hizo hudumu. Mwaka 2014 watafiti wa Iowa, Marekani, waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu za huzuni na za furaha. Muda mfupi baadaye wengi walikuwa wamesahau walichotazama, lakini huzuni au furaha ilikuwa bado imewakaa. Zaidi ya hapo, waliokumbuka kidogo kuhusu filamu ndio huzuni yao ilichukua muda mrefu kuisha. Kwa hiyo usemi wa "mgombeze tu, atasahau" ni wa kikatili bila mtu kukusudia. Maneno yataondoka, uchungu utabaki bila sababu anayoijua, na mchana kutwa atakuwa mkali au analia.

Nimeielezea zaidi Alzheimer kwa sababu ndiyo iliyo nyingi. Demensia inayotokana na mishipa ya damu, ambayo presha na kisukari huichochea, mara nyingi hugonga umakini na wepesi wa kufikiri kwanza. Mtu anakumbuka, ila polepole, na kupanga mambo kunamshinda. Demensia ya chembe za Lewy ina ajabu yake: umakini hupanda na kushuka ndani ya siku moja, saa nne asubuhi yuko sawa, saa sita amezubaa, na huweza kuona watoto au wanyama wasiokuwepo. Familia nyingi huikimbiza hii kwa maombezi au kwa mganga, na sishangai. Ipo pia ile ya sehemu za mbele za ubongo, ambayo huacha kumbukumbu karibu nzima na kubadilisha tabia. Mzee mwenye heshima zake anaanza kutukana na kutapanya mali, na watu wanasema amelaaniwa.

Hapa niseme jambo la haraka, kwa maana ya kuwahi hospitali. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo amechanganyikiwa, hafuati mazungumzo, mara amesinzia mara anahangaika, usimsubirie kliniki ya mwezi ujao. Demensia hujenga kwa miezi na miaka. Badiliko la saa au siku chache mara nyingi ni mwili unaoumwa: nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria, upungufu wa maji, sukari kushuka, kiharusi. Dawa pia zinahusika. Piritoni ya mafua, ambayo duka lolote linakuuzia, inaweza kumvuruga mzee akili, na amitriptilini, dawa ya sonona na maumivu ya neva, vilevile. Akiwa alianguka au aligongwa na bodaboda hata wiki kadhaa zilizopita, semeni, kwa sababu damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu. Na kuna vitu vinavyofanana na demensia ambavyo vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo iliyolegea, kaswende iliyofika kwenye ubongo, VVU, sonona. Bila kusahau nta iliyoziba masikio na mtoto wa jicho. Asiyesikia na asiyeona atazingatia nini?

Vipimo vya kuandika na kusoma viliwaonea wazee wetu kwa muda mrefu. Mtu ambaye hakuwahi kushika kalamu anaambiwa achore saa, akishindwa anaitwa mgonjwa. Ndiyo sababu katika vijiji vya Hai kilijaribiwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, kisichohitaji shule. Mzee anaulizwa siku ya leo, kiongozi wa kijiji ni nani, anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, anapewa maneno kumi ayakumbuke baadaye, na badala ya kuchora anapanga njiti za kiberiti kwa mfano alioonyeshwa. Utaona kila swali lina hatua yake: njiti zinapima mpangilio, wanyama wanapima kuvuta na kuhama, maneno kumi yanapima kuhifadhi.

Nyumbani, nusu ya kazi ni kumsaidia kwenye umakini, kwa sababu huko ndiko mnakoweza kusaidia. Zima runinga kabla ya kuongea. Kaa mbele yake, macho kwa macho, sema jambo moja, ngoja. Wengine huhesabu sekunde tatu wakaona hajaelewa, mpe kumi. Na jamani, tuache ule mtihani wa mlangoni, "Bibi, unanikumbuka mimi nani?" Unamtia aibu mbele ya watu. Sema, "Shikamoo bibi, ni mimi Neema, binti wa mwanao mkubwa," akupokee kwa raha zake. Na kama ataanza kukujibu Kichaga wakati zamani mliongea Kiswahili, mtafute anayekijua. Kwa wengine lugha ya kwanza hubaki imara kuliko iliyofuata.

Kosa la watoto wenye mapenzi na pesa ni kumbadilishia mazingira. Wanakuja, wanavunja jiko la kuni, wanaweka la gesi na makabati ya kufunga. Au wanamhamishia ghorofani Dar. Pale kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwake, miguu ilijua njia ya chooni hata gizani. Kule anahitaji kuhifadhi ramani mpya kwa kiungo kilekile kilichoharibika, na usiku wa kwanza anajikojolea koridoni akitafuta mlango. Ikiwa lazima ahame, ahame mapema, na kitanda chake na blanketi lake, na taa ya chooni isizimwe.

Dawa zipo, ila zijulikane zinachofanya. Donepezili, inayotumika tangu miaka ya tisini, huongeza kemikali ya ubongo inayohusika na umakini na kumbukumbu. Baadhi ya wagonjwa huchangamka kiasi kwa muda, lakini ugonjwa haurudi nyuma. Hai pia yalijaribiwa mafunzo ya vikundi ya kuchangamsha akili, vikao 14 vya mazungumzo, nyimbo na michezo, na waliohudhuria walipata nafuu ya akili na ya maisha kwa jumla. Mkienda kumuona daktari, iwe KCMC, hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, au hospitali ya wilaya, bebeni dawa zote anazotumia kwenye mfuko mmoja, za dukani na za mitishamba, pamoja na miwani yake.